Profesa na Kesi za Wafu

Profesa hakuwahi kumsikiliza mtu bila kalamu. Ungemkuta kwa Mama Sombe, mgahawa wa Kikongo ulioko kichochoroni nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, hapa Guangzhou, supu imempoa mbele yake, naye ameinamia daftari jeusi akiandika maneno ya watu wa meza ya pili. Wafanyabiashara wapya kutoka nyumbani walimdhania mpelelezi, wakashusha sauti. Wenyeji waliwacheka. "Huyo ni Profesa wetu," walisema. "Huyo hata ukipiga chafya anaandika."

Aliandika mahubiri ya Jumapili. Aliandika alichoambiwa na daktari wa meno na alichoambiwa na fundi viatu. Watanzania tulipokutana kujadili msiba au harusi, yeye ndiye aliyekuwa katibu bila kuchaguliwa. Na mtu akija mwezi uliofuata kukana kauli yake, Profesa alilamba kidole, akafunua kurasa, akasoma. Mzozo uliishia hapo. Sikuwahi kuona mtu akibishana na daftari lile. Nalisema hili mapema ili nisije nikaambiwa nimemnyima haki yake.

Kufundisha kulimpa ugali. Aliwafundisha vijana wa Kichina sheria za Kiingereza, katika chuo ambacho sitakitaja. Lakini moyo wake haukuwa darasani. Ulikuwa kwenye kesi zilizosikilizwa karne nne zilizopita katika mahakama za mfalme wa Uingereza, kesi ambazo watu waliziandika kwa mkono na nyingine hazijawahi kupigwa chapa mpaka leo. Alikuwa na picha za miswada hiyo kwenye kompyuta, mamia kwa mamia ya kurasa zilizoliwa na wadudu pembeni, mwandiko umebanana kama siafu.

"Siku zile serikali haikuwa inamgawia mtu hukumu," alinieleza siku ya kwanza. "Wakili kijana alisimama mahakamani na kipande cha karatasi. Wakili huyu kasema hivi, jaji kamjibu vile. Akifika chumbani anaandika upya. Rafiki yake anaazima, ananakili. Karani wa rafiki naye ananakili, anasinzia, anaruka mstari. Mwisho wa siku kesi ni moja lakini ina sura nne, na kila sura inaapa kwamba yenyewe ndiyo kweli. Sasa wewe na mimi tutajuaje jaji alisema nini?"

Alisema "wewe na mimi" kwa sababu alikuwa amenichukua niwe msaidizi wake. Nilikuwa nimekuja Guangzhou kwa ufadhili wa masomo, shahada ya pili, yeye akiwa msimamizi wangu. Waliosoma kuliko mimi walikuwepo wengi. Alinichagua kwa kuwa kabla ya chuo nilikuwa mpiga chapa wa mahakama ya mwanzo huko kwetu nyanda za juu, ambako mahakimu huandika mwenendo wa kesi kwa mkono, wengine kwa mwandiko ambao hata wao wakiulizwa kesho hawausomi. Mimi niliusoma. Profesa aliponiwekea picha ya ukurasa mmoja akaniambia, "Soma," nilikaa nayo asubuhi nzima, na kufikia saa saba nilikuwa nimejua herufi zote isipokuwa tatu. Kisha akaenda kununua chakula, jambo ambalo niliambiwa hajawahi kumfanyia mwanafunzi.

Mawakili wale waliandika kwa Kifaransa, Kifaransa cha mahakamani kilichobaki kwenye karatasi muda mrefu baada ya watu kuacha kukizungumza. Siku moja Profesa alimsomea Mama Sombe mistari miwili, ili amsaidie neno lililomshinda. Mama Sombe aliweka chini mwiko, akasikiliza huku kichwa kimeinama upande.

"Papa, hii ni Kifaransa?"

"Ni Kifaransa, mama."

"Iko na malaria."

Mgahawa mzima ulicheka, na Profesa akacheka kuliko wote, mpaka akavua miwani. Halafu aliandika. Maneno yale, "iko na malaria", aliyatumia darasani miaka yote, na kila mara alisema ni ya nani.

Hakuwa na dharau kwa lugha yoyote. Kuna wasomi waliotuona sisi wa sokoni tunaharibu Kiswahili, na huwezi kuwalaumu ukisikia mtu wa soko la nguo la Shahe akinunua: "Laobani, hii duoshao? Nipe ya jumla. Ukisema meyo naondoka." Bosi, hii bei gani, ukisema hakuna naondoka. Profesa aliipenda sana lugha hiyo. "Mawakili wa mfalme waliandika hivihivi," alisema. "Kifaransa kikiwaishia wanachomeka Kiingereza, wanaendelea. Lugha ya kazi haina aibu."

Alichokuwa hana ni msamaha wa kosa la kalamu. Tulikuwa na kesi moja ya mjane na nyumba. Nakala ya kwanza ilionyesha jaji akisema mjane ataibakiza nyumba. Ya pili ilionyesha akisema pengine angeibakiza, kama mambo fulani yangethibitishwa. Katika ya tatu, mahali pale palikuwa na tundu la mdudu. Nilipokuwa nanukuu ile ya tatu nilijaza tundu kwa neno la nakala ya kwanza, kwa kuwa ndilo lililoleta maana, na, sitaficha, kwa kuwa nilitaka mjane apate nyumba yake.

Profesa alikuja na karatasi ile akiitingisha. "Nani kakwambia neno hili?"

"Ndilo linaloleta maana, Profesa."

"Nimekuuliza nani kakwambia. Umeliona?"

"Sikuliona."

"Basi andika kwamba hapa pameharibika. Huyo mama amekufa, jaji amekufa, mwenye nyumba amekufa. Kitu pekee walichobaki nacho ni sisi kutowasingizia." Akaongeza maneno niliyomsikia akiyarudia mara nyingi: "Sikio ni shahidi, binti. Moyo ni wakili. Usimpe wakili kiti cha shahidi."

Nililia chooni. Kesho yake nilikuja nikampenda zaidi. Mtu anayekugombeza kwa ajili ya mjane aliyekufa karne nne zilizopita, unaona kabisa kwamba umepata mtu wa kumwamini.

Na alikuwa mwema, hilo nalo liandikwe. Wafanyabiashara walimletea mikataba yao iliyoandikwa kwa Kiingereza kibovu na Kichina kizuri, naye aliisoma neno kwa neno pale pale mezani. Nakumbuka kijana wa Kahama aliyekuwa karibu kutia sahihi karatasi ya viatu. Profesa alimshika mkono. "Hapa wanasema bidhaa inaweza kutofautiana na sampuli. Unajua maana yake? Watakuletea mguu wa kushoto mtupu na utakuwa umekubali." Hakupokea zawadi. Alichopokea ni sifa. Ukimwita Daktari alikusahihisha, kwa upole lakini palepale.

Kulikuwa na jambo moja nililoliona mapema nikaliita jina zuri. Mbele ya watu wenye mihuri Profesa alikuwa mtu mwingine. Kule chuoni alitembea ukutaniukutani. Alimshikia mlango karani wa ofisi ya wageni, msichana aliyeweza kuwa mjukuu wake, akasubiri hadi apite na simu yake. Barua ya ofisini ikija aliifungua akiwa amesimama. Nilidhani ni adabu ya wazee wetu. Nilimsifu kwa hilo nilipozungumza na baba kwenye simu.

Baba ndiye aliyetufikisha kwenye jambo nitakalolisimulia sasa.

Kaka yangu alipiga simu mwezi wa tano, mvua za Guangzhou zikiwa hazikatiki. Alisema baba amelala, hali si nzuri, na kila mara ananiulizia. Mwanafunzi wa ufadhili haondoki hivihivi. Ukivuka mpaka bila ruhusa umejifuta mwenyewe. Profesa aliniombea miadi kwa mkuu wa ofisi ya wanafunzi wa nje, na tukaingia wote wawili.

Mkuu yule alikuwa mpole. Alizungumza Kiingereza polepole, akaniuliza baba ana miaka mingapi, akanimiminia maji ya moto. Kisha akasema: "Nenda ukamwone baba yako. Nakupa wiki sita. Karatasi tutazikamilisha ukirudi." Profesa alikuwa pembeni yangu, daftari gotini, anaandika.

Tukatoka hadi kwenye korido. Nilimuuliza, "Profesa, nimesikia sawa? Amesema niende?"

Alifungua daftari akanionyesha. Mistari mitatu ya wino wa bluu, kwa ule mwandiko wake wa kulala upande wa kulia. Nenda, wiki sita, karatasi ukirudi. Akanisomea kwa sauti, kidole kikifuata maneno. "Umesikia sawa," alisema. "Nenda, binti. Msalimie mzee."

Nilimkuta baba hai. Tulipata siku kumi na moja. Siku za mwisho hakuweza kusema, akawa ananishika kidole gumba tu. Tulimzika, tukakaa matanga, nikapanda ndege nirudi. Nilifika wiki ya tano, kabla hata muda wangu haujaisha. Kadi yangu ilikataa kufungua mlango wa bweni. Nikaijaribu tena nikidhani ni unyevu. Mlinzi alitoka, akaniita kwa jina, akanipa bahasha.

Ufadhili ulikuwa umesitishwa. Nilikuwa nimeondoka nchini bila ruhusa.

Baadaye nilisikia kwamba palitokea ukaguzi kutoka juu kuhusu wanafunzi wa nje wanaopotea, na kwamba mkuu yule mpole aliulizwa ni nani aliruhusu safari zisizo na karatasi. Sijui zaidi ya hapo. Najua kwamba nilipewa nafasi ya kukata rufaa na kuleta ushahidi, na kwamba niliposoma neno ushahidi kwenye barua nilicheka kwa furaha, peke yangu, kwenye kituo cha metro. Nilikuwa na daftari.

Nilikimbia hadi kwa Profesa. Alinipa pole ya msiba, akanikalisha, akanichemshia chai. Nilimweleza. Aliitikia kwa kichwa taratibu. "Usiwe na wasiwasi," alisema. "Nitaleta kumbukumbu."

Siku ya kikao walikuwa watu wanne mezani, na mkuu wa ofisi mmoja wao. Profesa aliingia amevaa suti. Hakuwa na daftari. Alikuwa na karatasi moja iliyopigwa chapa, ndani ya jalada la plastiki, akaikabidhi kwa mikono miwili. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti. Ilitaja tarehe, chumba, waliokuwepo, hata yale maji ya moto. Halafu ilisema: mkuu wa ofisi alionyesha masikitiko yake na kueleza kwamba ombi la likizo litaangaliwa.

Nilisimama. Nilisahau Kiingereza, nikasema kwa Kiswahili, "Profesa, daftari liko wapi?"

Alijibu kwa Kiingereza, macho yake mezani. Alisema hiyo ndiyo nakala safi.

Miaka miwili alinifundisha kuitambua nakala ambayo mtu ameigusa. Alinifundisha kuangalia pale sentensi inapokuwa laini kuliko jirani zake, pale neno linapofaa mno. Sikuhitaji kioo cha kukuzia. Wale wanne waliitikia kwa vichwa, wakanishukuru kwa kuja, na kikao kikaisha kabla chai yao haijapoa. Nilipotoka alikuwa ameshatangulia. Mkataba wake ulihuishwa mwezi huohuo.

Nilimweleza Mama Sombe. Alikuwa mtu wa kwanza niliyemweleza na nusura awe wa mwisho. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa leso, akasema, "Papa? Hapana. Papa hawezi andika uongo. Pengine ulikuwa na huzuni ya baba, ukasikia vibaya." Hakusema kwa ubaya. Na wengine wote walisema kama yeye. Nani angebishana na daftari lile? Walioazima macho yake wasome mikataba yao walianza kunikwepa, kwa kuwa ama mimi ni mwongo, ama wao hawana tena wa kumwamini, na chaguo lilikuwa rahisi.

Kampuni moja ya kusafirisha mizigo ilinichukua, ikanitengenezea kibali. Sasa ni mkalimani wa wanawake wanaokuja Shahe kununua nguo za jumla. Nawatembeza madukani, nawabishania bei, nahakikisha marobota yao yamefungwa na kuandikwa majina sawasawa. Kazi si mbaya. Lakini si ile niliyoijia, na mama yangu anapoulizwa mwanao alihitimu nini, anabadilisha mazungumzo.

Mara moja nilimwona Profesa katika mtaa wa Yide Lu, kwenye duka la vifaa vya ofisi, akichagua madaftari. Alifungua moja moja, akajaribu karatasi kwa wino, akalinusa. Nilisimama kati ya madubu ya kuchezea kwenye duka la jirani, nikamwangalia kama robo saa. Nilitaka kumwona ana aibu. Alikuwa mtu anayenunua madaftari, basi.

Mwaka jana ndiyo alikuja mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, Shahe imejaa, nami niko na kina mama wawili wa Mwanza wanachagua blauzi. Nilimwona akija kati ya mikokoteni, mkono mmoja unapapasa ukuta. Wabeba mizigo walimpigia kelele na hakuwa anajua wanatokea upande gani. Nilimvuta mkono kabla robota halijamgonga. Shikamoo ilinitoka yenyewe. Mdomo ulilelewa hivyo.

"Marahaba, binti. Ni wewe?"

"Ni mimi."

Ilikuwa presha ya macho, alisema. Jicho la kulia limekwisha, la kushoto linafuata. Kitabu cha kesi kilikuwa kimekamilika, mchapaji anakisubiri, lakini lazima mtu alinganishe kila mstari na picha za miswada, na yeye hawezi tena kuziona. Alikuwa amejaribu wanafunzi wawili. Walijaza matundu.

"Hakuna mwingine anayeusoma ule mwandiko," alisema. "Ningekuwa na mwingine nisingekusumbua."

Nikamwambia kina mama waendelee kuchagua. Nikamuuliza, "Siku ile ofisini, yule bwana alisema nini?"

Nilidhani atazunguka. Hakuzunguka. "Alisema nenda ukamwone baba yako. Wiki sita. Karatasi ukirudi."

"Na wewe?"

"Niliogopa." Mkokoteni ulipita, akasubiri upite. "Waliniita siku moja kabla ya kikao. Hawakunitisha. Waliniuliza tu kama nimefurahia kufanya kazi nao. Nilirudi nyumbani, nikachana ule ukurasa."

Kwa miaka nilikuwa nimeamini kwamba nikiyasikia maneno yale kitu fulani kitafunguka kifuani. Hakikufunguka. Mama mmoja wa Mwanza aliinua blauzi ya njano akaniuliza kama rangi itachuja, nikamjibu.

Niliichukua kazi. Wengine watasema nilimsamehe. Sikumsamehe. Niliichukua kwa sababu nilikuwa nimeyakumbuka maandishi yale, na hakuna mtu Shahe ninayeweza kumweleza hilo. Kwa miezi mitatu, kila Jumapili mchana, nilikaa chumbani kwake na kompyuta, nikilinganisha mstari kwa mstari, naye ameketi kitini macho yamefumbwa, akinisikiliza nikisoma.

Sikupata uongo hata mmoja. Nilikuwa nikiutafuta, na sikuupata. Kila tundu lilikuwa limetajwa kuwa ni tundu. Kila neno la shaka lilikuwa na alama ya shaka. Kwenye kesi ya mjane aliweka sura zote tatu sambamba, na chini akaandika kwamba hatujui, na haifai tujifanye tunajua. Watu ambao hawakuweza kumfanyia lolote, wala jema wala baya, aliwatendea haki hadi herufi ya mwisho. Kuna Jumapili nilifunga kompyuta mapema nikasema naumwa kichwa.

Siku ya mwisho nilikuta maboksi yamefungwa. Mkataba wake ulikuwa umeisha na safari hii hawakuuhuisha. Nani anamhitaji mhadhiri asiyeona. Alikuwa anarudi nyumbani wiki hiyo. Alinikaribisha kiti kilichobaki, akabaki amesimama.

"Kuna dibaji," alisema. "Nataka kukutaja. Nipe majina yako yote matatu, yaandikwe sawasawa."

"Usinitaje."

"Binti, nusu ya kazi hii ni yako. Watu watajiuliza nani amesoma. Nitawaambia nini?"

"Waambie ulisoma peke yako."

Uso wake ulikuwa umegeukia mahali alipodhani nipo, na alikosea kidogo, akawa anatazama dirisha.

"Lakini hiyo si kweli," alisema.

"Utazoea," nikamwambia, nikashuka ngazi.